Baiti 28 Zinapogeuka 48

Chukua taa moja ndani ya mchezo wa kompyuta. Ili imulike ukuta, programu inahitaji kujua mambo matatu: nguvu ya mwanga, mahali taa ilipo, na rangi yake. Nguvu ni namba moja. Mahali ni namba tatu, yaani x, y na z. Rangi nayo ni tatu: nyekundu, kijani na bluu. Jumla ni namba saba za desimali, na kila moja inakula baiti 4. Mtu akiziandika kwa lugha ya C++ kwa mfuatano huo, kompaila itazipanga bega kwa bega: baiti 28, hakuna pengo.

Sasa zipeleke kwenye GPU, kichakataji cha michoro, zikasomwe na sheda, ile programu ndogo inayokokotoa rangi ya kila nukta ya skrini. Sheda ikiwa imeandikwa kwa GLSL, lugha ya sheda ya mfumo wa michoro wa OpenGL, na data imewekwa kwenye bafa, yaani eneo la kumbukumbu, inayofuata kanuni ya mpangilio iitwayo std140, taa ile ile inahesabiwa kuwa na baiti 48. Nguvu inasomwa kwenye baiti ya 0, sawa. Lakini mahali hapasomwi kuanzia baiti ya 4, C++ ilikopaandika, bali kuanzia ya 16. Rangi inasomwa kuanzia ya 32.

Tufuatilie namba zenyewe. Tuseme nguvu ni 5, mahali ni (1, 2, 3), na rangi ni nyekundu tupu, (1, 0, 0). Kumbukumbu inashika 5, 1, 2, 3, 1, 0, 0. Sheda inaruka baiti 16, yaani namba nne za mwanzo, na kuchota (1, 0, 0). Imeisoma rangi ikidhani ni mahali. Kisha inatafuta rangi kwenye baiti ya 32, na huko taa ya kwanza imeshakwisha. Kama nyuma yake kuna taa ya pili, baiti ya 32 ndipo zinapoanza namba x, y na z za mahali pa taa hiyo ya pili. Kwa hiyo taa ya kwanza inawaka ilipo rangi yake, kwa rangi ya mahali alipo jirani yake. Hakuna onyo, hakuna ujumbe wa kosa, programu haikwami. Picha tu ndiyo inatoka ya ajabu, na mwandishi anaanza kutilia shaka hesabu zake za mwanga, ambazo hazina kosa lolote.

Chanzo cha mambo haya ni chuma. Kadi ya GeForce 3 ya mwaka 2001 iliwapa waandishi wa sheda za pembe, zile zinazokokotoa mahali pa pembe za maumbo, rejista 96 za thamani za kudumu, kila rejista ikibeba namba nne, yaani baiti 16. Mashine ilifikiri kwa mafungu ya nne nne, na lugha zikafuata. OpenGL 3.1 ilipotoka mwaka 2009, std140 iliandika mazoea hayo kuwa sheria: vekta ya namba tatu lazima ianze kwenye anwani inayogawanyika kwa 16. Sheria ina ukali zaidi kwenye safu: kila namba ndani ya safu hupewa baiti 16 peke yake, hata ikihitaji 4. Safu ya namba 64 ambayo C++ inaihifadhi kwa baiti 256 inafika 1,024. Mwaka 2012, OpenGL 4.3 ilileta std430 kwa ajili ya bafa za kuhifadhia, ikafuta ubadhirifu huo wa safu. Vekta ya tatu ikaachwa na masharti yake yale yale.

Kama sheria ingekuwa moja, watu wangeikariri na mambo yangeisha. Tatizo ni kwamba ziko nyingi na zinafanana kiasi cha kudanganya. Fikiria basi lenye viti vinne kwa kila mstari, na familia ya watu watatu. GLSL inasema familia ianze kiti cha kwanza cha mstari, basi. HLSL, lugha ya sheda ya Microsoft, inasema wakae popote, mradi wasigawanywe kati ya mistari miwili. Metal, mfumo wa michoro wa Apple, kwa aina yake ya vekta ya tatu iitwayo float3, inaitoza familia nauli ya kiti cha nne ambacho hakuna atakayekikalia. Ndiyo maana taa yetu, ambayo std140 inaivuruga, ndani ya bafa ya HLSL inasomwa sawasawa: 0, 4, 16, kama C++ ilivyopanga. Ni bahati tu, na bahati ya namna hii ndiyo inayomfanya mtu aamini msimbo wake ni salama mpaka siku anapouhamishia kwenye mfumo mwingine.

Dawa ya haraka ni kubadili mfuatano: mahali, kisha nguvu, kisha rangi. Nguvu inaingia kwenye baiti ya 12, pengo lililokuwa tupu, na rangi inaanza ya 16. Taa moja itasomwa vizuri. Weka taa mbili na ya pili itaharibika, kwa sababu std140 inaifanya kila taa ichukue baiti 32 huku C++ ikitoa 28. Hapo ndipo panapohitajika alignas(16), amri ya kupanga kwa mafungu ya baiti 16, upande wa C++, au namba moja tupu mwishoni. Na kwenye Metal mfuatano huo mpya hausaidii kitu usipotumia packed_float3, ambayo ina baiti 12 za kweli.

Nafuu imekuja polepole. OpenGL 4.4 ya mwaka 2013 iliruhusu mwandishi kutaja mwenyewe kila kipengele kianzie baiti ya ngapi. Vulkan, mfumo mwingine wa michoro uliotoka 2016, husoma sheda zilizotafsiriwa kuwa msimbo wa kati uitwao SPIR-V, na humo kila kipengele cha bafa lazima kiandikiwe umbali wake kwa namba. Baadaye ukaja mpangilio wa scalar, unaopanga vekta kama C++ inavyozipanga. Ulikuwa wa hiari hadi Vulkan 1.4 ilipoufanya wa lazima, Desemba 2024. WGSL, lugha ya WebGPU iliyoingia kwenye Chrome 113 mwaka 2023, ilichagua njia ninayoipenda zaidi: safu ya namba moja moja kwenye bafa ya thamani za kudumu haikupanuliwa kimyakimya, ilikataliwa na kompaila papo hapo.

Wako wanaoshauri kuacha kabisa vekta za tatu kwenye data inayovuka kwenda GPU na kutumia za nne kila mahali. Ushauri huo ni salama, ila unalipia woga kwa kumbukumbu. Badala yake, andika namba za umbali mwenyewe pande zote mbili, kisha uweke static_assert na offsetof, zinazokagua umbali huo wakati wa kukusanya msimbo, kwa kila kipengele. Siku mtu akiongeza sehemu mpya katikati ya muundo, programu itagoma kukusanywa, na mtajua kabla ya kuwasha skrini.