Nembo ya Kampuni Kwenye Ukuta wa Gereji (2)

Juma lililopita tuliona jinsi alama ya biashara inavyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara Tanzania Bara, kwa miaka 7, kisha ikahuishwa kwa vipindi vya miaka 10. Leo tuwageukie mafundi magari. Je, ni kosa kuchora nembo ya kampuni ukutani, ilhali magari yake unayatengeneza kweli?

Mwaka 1999 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua shauri la BMW dhidi ya fundi wa Uholanzi aliyejitangaza kuwa bingwa wa magari hayo bila kuwa wakala. Mahakama ilisema fundi hawezi kueleza kazi yake bila kulitaja gari lenyewe, hivyo asizuiwe, mradi tangazo lisiwaaminishe watu kwamba ana uhusiano na kampuni. Mwaka 2011 ikaja kesi ya Ujerumani. Gereji za ATU zilitangaza huduma kwa magari ya Volkswagen zikiweka ile nembo ya duara yenye herufi V na W. Mahakama ya juu ya huko ilikataa, kwa kuwa kuandika jina kungetosha kumweleza mteja.

Hapo ndipo wengi wanapoteleza. Jina linaeleza unachotengeneza. Nembo humfanya mteja adhani kampuni imekufundisha, imekukagua na inakuletea vipuri halisi. Naona mahakama ile ilitenda haki: ilimlinda mteja bila kumnyima fundi riziki.

Hukumu hizo hazizifungi mahakama zetu, lakini Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986 nayo hutazama kama mnunuzi anaweza kupotoshwa. Kwa hiyo anayeandika “Tunatengeneza Toyota” kwa herufi zake mwenyewe yuko salama zaidi kuliko aliyeinakili nembo.

Wapo wanaodai kwamba nembo isiyosajiliwa nchini ni ya kila mtu. Sivyo. Mwenye nembo anaweza kukushtaki kwa kuuza bidhaa zako kama zake, akithibitisha sifa aliyojijengea sokoni, upotoshaji wako na hasara yake. Mchoro wenyewe unaweza pia kulindwa na sheria ya hakimiliki.

Ruhusa iombwe kwa mwenye alama, kwa maandishi. Muuza vipuri, hata akiwa wakala, mara nyingi hana mamlaka ya kuigawa. Barua itaje huduma, mahali na muda. Zanzibar ina msajili wake, kwa hiyo anayefungua tawi Unguja aulizie pia huko.

Itaendelea.