Kanji Ndani ya Simu: Programu Ifaayo Nyumbani

Wajapani si wageni katika mji wetu wa Juba. Tangu mwaka 2012 hadi 2017 wanajeshi wahandisi wa Japani walikuwa hapa chini ya Umoja wa Mataifa, wakitengeneza barabara. Mwaka 2022 likafunguliwa Daraja la Uhuru juu ya Mto Nile, lililojengwa kwa msaada wa Japani. Nao wanariadha wetu, akiwemo Abraham Guem, walikaa katika mji wa Maebashi tangu Novemba 2019 hadi 2021, na huko wakajifunza Kijapani. Kijana atakayetamani kufuata nyayo zao atakutana na kizuizi kimoja kikubwa, nacho ni mwandiko.

Kijapani huandikwa kwa aina tatu za alama. Hiragana na katakana, ambazo kila moja ina alama za msingi 46, ni za matamshi, na mwenye bidii huzijua kwa majuma machache. Kanji ni alama zilizotoka China, na kila moja hubeba maana. Orodha ya serikali ya Japani ya mwaka 2010 ina kanji 2,136 za matumizi ya kawaida. Katika hizo, 1,026 hufundishwa shule ya msingi.

Hata hivyo, kanji si michoro ya ovyo. Mti ni 木. Miti miwili, 林, ni kichaka cha miti. Mitatu, 森, ni msitu. Mtu akiwa kando ya mti, 休, maana yake ni kupumzika. Programu njema humfundisha mwanafunzi vipande hivi kwanza, kama mwashi aanzavyo na msingi.

MTENGENEZAJI AANZIE WAPI?

Haanzi mikono mitupu. Jim Breen wa Australia alianza mwaka 1991 kukusanya kamusi ya Kijapani ya kompyuta, ambayo hutumika bila malipo. Na mkusanyo uitwao KanjiVG huonyesha utaratibu wa kuchora kila mstari wa alama. Kazi kubwa iliyosalia ni maana, kwani programu nyingi huzitoa kwa Kiingereza. Mtoto wa kambini azungumzaye Kiarabu cha Juba nyumbani hulazimika kupitia lugha ya darasani ili aifikie nyingine ngeni.

Kiswahili chaweza kusaidia, hasa kwa familia zilizoishi Kenya na Uganda. Kijapani kina 兄 kwa kaka mkubwa na 弟 kwa mdogo wa kiume. Kiingereza huwaita wote wawili kwa neno moja. Sisi twasema "kaka" na "mdogo wangu". Kwa hiyo maana ziandikwe na mwalimu aijuaye lugha, zisinakiliwe tu.

Pili, programu ifanye kazi bila intaneti. Masomo yote yahifadhiwe ndani ya simu, wala yasidai fedha za vifurushi kila siku. Tatu, simu moja hutumiwa na watu wengi nyumbani. Kila mmoja awe na ukurasa wake, ili maendeleo ya mama yasichanganywe na ya mwana.

SANDUKU LA KADI

Lakini itakuwaje baba akipangiwa lindo la mbali akaondoka na simu? Somo lisife. Mwaka 1885 Hermann Ebbinghaus alieleza jinsi mtu asahauvyo upesi asiporudia. Mwaka 1972 Sebastian Leitner akaeleza njia ya sanduku la kadi, na programu nyingi za leo hufuata kanuni hiyohiyo.

Chukua boksi, uligawe vyumba vitano. Kata kadi, upande mmoja andika kanji, upande wa pili maana na matamshi. Kadi zote zianze chumba cha kwanza, kinachopitiwa kila siku. Ukijibu sawa, kadi husogea mbele. Ukikosea, hurudi mwanzo. Chumba cha pili kipitiwe baada ya siku mbili, cha tatu baada ya juma, na vinavyofuata baada ya muda mrefu zaidi.

Mzazi asimlemee mtoto. Kanji mbili kwa siku, bila kuacha kurudia za jana, zatosha kuimaliza orodha nzima kwa muda wa miaka mitatu hivi. Haba na haba hujaza kibaba.