Mlia au Mstari? Kuwatambua Samaki wa Anemoni

Muhula uliopita niliwapa wanafunzi wa mwaka wa pili zoezi la insha ya maelezo: kila mmoja aeleze kiumbe wa pwani ya Afrika Mashariki. Nchi yetu haina bahari, na wengi wao hawajawahi kuiona. Watano walimchagua samaki mdogo wa rangi ya machungwa waliyemfahamu kupitia filamu ya Finding Nemo ya mwaka 2003. Kiswahili chao kilikuwa safi, lakini samaki yule si wa pwani hiyo. Hilo ndilo lililonisukuma kuandika makala haya.

Samaki hawa huishi ndani ya anemoni za bahari, yaani wanyama laini wanaojishikiza kwenye miamba, wenye minyiri inayochoma. Kwa sababu hiyo, hapa nitawaita samaki wa anemoni. Ute wa ngozi yao huwakinga wasichomwe, na minyiri ile huwakinga na samaki wakubwa. Wao nao huwafukuza samaki wanaokula anemoni. Zipo spishi zipatazo 30, zote za Bahari ya Hindi, Bahari ya Shamu na Pasifiki. Katika Atlantiki hawapatikani.

Ili kuwatambua, tuangalie alama nyeupe, mkia na mahali wanapoishi.

Samaki wa mfano wa Nemo ana milia mitatu: kichwani, katikati ya mwili na karibu na mkia. Spishi mbili zina sura hiyo. Amphiprion ocellaris huishi Kusini-Mashariki mwa Asia hadi kaskazini-magharibi mwa Australia. Amphiprion percula huishi kaskazini mwa Queensland, Papua New Guinea na Visiwa vya Solomon; kingo nyeusi za milia yake kwa kawaida ni pana zaidi.

Katika pwani ya Kenya na Tanzania wako wengine. Amphiprion allardi ana mwili wa kahawia iliyokolea, milia miwili na mkia mweupe. Ndugu yake wa Bahari ya Shamu, Amphiprion bicinctus, naye ana milia miwili, ila mkia wake ni wa manjano. Amphiprion akallopisos hana mlia hata mmoja: ana mstari mwembamba unaoanzia kati ya macho na kupita mgongoni hadi mkiani.

Hapa lugha inahusika. Wanafunzi wote watano waliandika "mistari". Napendekeza tuseme mlia kwa alama inayoshuka kutoka mgongoni kuelekea tumboni, na mstari kwa ile inayofuata urefu wa mwili. Bila kutenganisha maneno haya mawili, msomaji hawezi kumjua allardi wala akallopisos kwa maelezo pekee.

Walimu wenzangu, tuwakumbushe wanafunzi kwamba kumweleza samaki huyu ni pamoja na kuieleza nyumba yake. Bahari ikipata joto kupita kiasi, kama ilivyotokea katika Bahari ya Hindi mwaka 1998, matumbawe na anemoni hupauka na huweza kufa. Nyumba ikifa, mwenyewe hana pa kujificha.

Wale watano wameandika upya. Mmoja amemchagua akallopisos, na neno mstari amelitumia mahali pake.