Mboji Salama: Namna ya Kutumia Magugu Bila Kuyasambaza Shambani

Magugu yanayong'olewa wakati wa palizi ni malighafi nzuri ya mboji, kwa kuwa hurudisha ardhini virutubisho yaliyovinyonya. Hata hivyo, lundo lisilopata joto la kutosha huhifadhi mbegu na mizizi ikiwa hai. Mkulima anayetawanya mboji ya namna hiyo hupanda upya yale aliyoyapalilia, pengine hata katika shamba lililokuwa safi.

Hasara yake hudumu miaka mingi. Mmea mmoja wa kiduha, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi na mtama, huweza kutoa makumi ya maelfu ya mbegu ndogo kama vumbi, ambazo huweza kukaa ardhini zaidi ya miaka 10 zikisubiri mwenyeji. Gugu karoti nalo hutoa maelfu ya mbegu, na huwasababishia baadhi ya watu muwasho wa ngozi na matatizo ya kupumua.

Hatua ya kwanza ni kuyatenga magugu katika makundi matatu:

1. Magugu machanga ambayo hayajatoa maua huwekwa kwenye lundo moja kwa moja.

2. Magugu yanayochipua kwa mizizi au vitunguu vyake, kama vile ndago na sangari, huanikwa juani juu ya sakafu ngumu au turubai hadi yakauke kabisa na kuvunjika yanapokunjwa, ndipo yaingizwe kwenye lundo.

3. Kiduha na gugu karoti vyenye maua au mbegu visiingizwe kwenye lundo la nyumbani. Ving'olewe kwa kuvaa glavu, vifungwe ndani ya mfuko na kuteketezwa kwa uangalifu, mbali na mimea mingine.

Lundo liwe na upana na kimo cha angalau mita 1, kwani lundo dogo hupoteza joto upesi. Mabua makavu yapangwe kwa tabaka pamoja na majani mabichi na samadi, kisha yanyunyiziwe maji. Unyevu unatosha iwapo konzi ya mchanganyiko ikikamuliwa hutoa matone machache tu.

Mbegu nyingi za magugu hufa joto linapofikia nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi na kudumu kwa siku kadhaa. Asiye na kipimajoto achomeke kijiti kirefu hadi katikati ya lundo na kukichomoa baada ya dakika chache. Kikiwa cha moto mkononi, lundo linafanya kazi, na kikiwa baridi, liongezewe samadi au maji.

Kwa kuwa joto hilo huwa katikati pekee, lundo ligeuzwe mara kadhaa ili sehemu za pembeni ziingie ndani. Kabla ya kuitumia, mboji kidogo iwekwe kwenye kopo na kumwagiliwa kwa wiki 2. Magugu yakiota, lundo lirudiwe.

Kwa ushauri zaidi, mkulima awasiliane na afisa ugani wa kata au kijiji chake.