“Udongo wetu unanyonya maji”: hoja ya mitaro Ruiru na Thika

UZI. Mvua ya masika ikigonga tu, utamsikia mtu jukwaani: “Huku ni udongo mwekundu, unanyonya wenyewe. Pesa za mitaro zipelekwe kwingine.” Mimi nasoma siasa, si uhandisi, lakini hoja hii inaamua bajeti, so tuipime.

Nusu yake ni kweli. Udongo mwekundu wa mashamba ya kahawa ya Thika na Ruiru ni mawe ya volkeno yaliyooza palepale yalipokuwa. Ni mfinyanzi, lakini chembe zake zimeshikana vipunjevipunje. Kati ya vipunje kuna matundu makubwa, maji yanapita mbio. Ndani yake kuna vitundu vidogo mno vinavyoshika maji hata kiangazi.

Udongo wa jamii hii ulishawachanganya wakubwa. Bwawa la Sasumua, linalopelekea Nairobi maji, lilijengwa nao miaka ya 1950, na namba za maabara zikazua wasiwasi. Karl Terzaghi, mzee wa sayansi ya udongo wa ujenzi, alieleza kwenye makala ya 1958 kwamba siri ni hivyo vipunje. Bwawa liko hadi leo.

Matundu yanapimwaje? Unachukua udongo kwa pete ya chuma bila kuuvuruga, unaulowesha ushibe, kisha unauweka kwenye chombo cha shinikizo. Unaongeza kidogo kidogo, kila hatua unapima maji yaliyobaki. Yanayotoka mapema yalikuwa kwenye matundu makubwa. Yanayobaki ukifika kilopaskali 1500, mimea mingi haiwezi kuyavuta.

Sasa siasa. Matundu makubwa ndiyo yanakufa kwanza. Pitisha rola, panga fleti, funika ploti kwa saruji: udongo ni uleule, lakini maji yanateremka kwa jirani. Anayesema “unanyonya” anaongea kuhusu shamba la kahawa ambalo halipo tena.

Halafu, “udongo wetu” ni upi? Ukishuka upande wa Juja unakuta ule mweusi, black cotton. Ukikauka unapasuka nyufa, ukilowa unavimba na kujifunga.

Na hata pale unaponyonya kweli, unanyonya pia maji ya choo. Shimo lako, kisima cha jirani. Hili husikii jukwaani kabisa.

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti maji ya mvua mijini na usafi wa maji taka. Kwa hivyo akirudia hiyo hoja, muulizeni: kipimo kilichukuliwa wapi, na kabla au baada ya kujenga?