Rufaa Bila Sababu

Wengi hudhani kukata rufaa ni kusimulia kesi upya mbele ya watu wengine. Falls Church, Virginia, mwendo mfupi kutoka Washington, mambo hayaendi hivyo. Hapo ndipo ilipo Bodi ya Rufaa za Uhamiaji, chombo cha Wizara ya Sheria ya Marekani kinachopokea rufaa kutoka nchi nzima, zikiwamo za wenzetu wa Afrika Mashariki walionyimwa hifadhi. Kwa kawaida mrufani hafiki wala haitwi. Kinachofika ni jalada lake na fomu EOIR-26.

Fomu hiyo huuliza sababu za rufaa, kisha huuliza kama mrufani ataleta mawasilisho ya maandishi baadaye. Asiye na wakili hujibu ndiyo, kwa tahadhari tu. Asipoyaleta, wala asieleze kwa nini, kanuni inaruhusu rufaa itupiliwe mbali papo hapo. Mtego huu naona hautangazwi vya kutosha.

Halafu kuna sababu zenyewe. "Hakimu hakunitendea haki" haitoshi. Tangu 1986 Bodi imeshikilia kwamba mrufani aonyeshe hasa kosa liko wapi, la sheria au la ushahidi. Kama hakimu hakumwamini kwa kuwa tarehe ya kukamatwa aliyoitaja kwenye mahojiano haikulingana na aliyoitaja mahakamani, basi rufaa izungumzie tarehe hizo. Machozi na picha za familia havijibu hoja hiyo, hata kama ni vya kweli kabisa.

Mwaka 2002 Mwanasheria Mkuu John Ashcroft, akitaka kupunguza mrundikano, alifanya rufaa nyingi ziamuliwe na mjumbe mmoja badala ya jopo la watatu, nyingine bila maelezo yoyote. Linganisha na mahakama ya rufaa ya shirikisho jijini Washington: nako kuna njia ya mkato, ila huamuliwa na majaji watatu, na anayeiomba hubeba mzigo mzito wa kuonyesha kwamba jambo liko wazi kiasi cha kustahili uamuzi wa haraka.

Aliyeshindwa Falls Church, kama kesi yake ilisikilizwa Virginia au Maryland, ana siku 30 za kwenda mahakama ya rufaa ya Richmond. Hoja ambayo hakuitaja mbele ya Bodi, kwa kawaida huko haisikilizwi.