Kiazi cha mchuzi hakina bei yake Nyakato

Kando ya Barabara ya Musoma, kutoka Buzuruga hadi Nyakato, viazi mviringo huuzwa kwa sado, kwa ndoo au kwa fungu, na kinachopandisha bei ni ukubwa. Vikubwa huwahiwa na wachoma chipsi, vidogo huachiwa jiko la nyumbani. Kama kiazi kitabaki kipande kizima kwenye mchuzi wa sato au kitavurugika na kuwa uji, hakuna bei inayolijibu swali hilo. Naona wafanyabiashara wa Mwanza wanaacha pesa hapo. Tofauti kubwa iko kwenye wanga na maji. Kiazi chenye wanga mwingi huiva kikawa cha unga: nyama yake huachana, kikafaa kwa chipsi na kuponda. Chenye maji mengi hushikamana, kikafaa kwa rosti na saladi, ilhali mchoma chipsi hukiona hasara kwa sababu hunywa mafuta na kulegea upesi. Viazi hivi vikichanganywa, kila mnunuzi analalamikia nusu ambayo mwenzake angeitafuta. Ulaya viazi vya mezani hupangwa kwa herufi kuanzia A, kinachoshikamana, hadi D, cha unga kabisa.

Atauliza mtu: tutavitambuaje? Viazi vingi huja kutoka Nyanda za Juu Kusini, vikapita Iringa, Dodoma, Singida na Shinyanga, na mpaka vishushwe Mwanza jina la mbegu limeshapotea. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole kilitoa mbegu za Asante, Meru, Sherekea na Mkanano mwaka 2012, lakini muuzaji wa sado hana namna ya kujua ameuziwa ipi. Hata angejua, jina peke yake lisingetosha, maana udongo na mvua hubadili kiazi, na kilichochimbwa mapema kuwahi bei kinakuwa hakijajaza wanga. Kipimo cha kuaminika zaidi ni cha chumvi: kikombe 1 kwa vikombe 11 vya maji, ikoroge mpaka iyeyuke, kisha tumbukiza viazi. Kinachoelea ni cha mchuzi, kinachozama ni cha chipsi. Kiazi chenye uwazi ndani kinaweza kudanganya, kwa hiyo vipimwe kadhaa.

Wapo watakaosema mpishi hodari humudu kiazi chochote. Ni kweli kwamba nyanya au ndimu ikitangulia sufuriani, tindikali yake hukifanya kiazi kisilainike haraka; ila muda unaoongezeka jikoni unalipwa kwa mkaa, na mama lishe anaupigia hesabu mkaa kabla ya kitu kingine. Pingamizi zito ni la soko lenyewe: mchoma chipsi hubeba gunia zima, mwenye nyumba hubeba sado moja, nani ahangaike kuchambua? Kuchambua kiazi kimojakimoja kweli hakulipi. Lakini gunia lililojazwa kutoka shamba moja huwa na viazi vinavyokaribiana, na viazi vichache vinatosha kulisemea. Ugumu uko kwa mkusanyaji anayejaza gunia kwa mavuno ya wakulima watano (na lumbesa huufanya mchanganyiko uwe mbaya zaidi), na huyo ndiye anayepaswa kudaiwa kwanza. Kusema wateja hawatajali ni kuwadharau: haohao hawanunui mchele bila kuuliza umetoka wapi, na maharage huyachagua kwa rangi wakijua lipi linaiva upesi. Bei ya juu haihitajiki mwanzoni. Muuzaji aweke magunia mawili kwa bei moja, moja la mchuzi na moja la chipsi, aangalie lipi linaisha kwanza, na kwa hesabu hiyo aagize mzigo unaofuata.